Malipo ya mtandaoni kutoka Excel kwenda databesi: yaliyotukuta kwenye duka la viungo la shangazi, Tanga

MwanaNgamiani

Habari za jioni wakuu. Naomba mnivumilie uzi ni mrefu, ila kuna vijana wengi saivi wanawatengenezea watu maduka ya mtandaoni na hiki kitu sijaona mtu anakieleza kwa Kiswahili, kwahiyo nimekaa nimeandika yote kuanzia kosa mpaka tulivyolirekebisha.

Shangazi yangu ana duka la viungo hapa Tanga mjini, Ngamiani barabara ya 12. Mzigo anautoa Muheza na Amani, iliki, mdalasini, pilipili manga, na karafuu ikiwa msimu. Zamani alikuwa anauza pale pale dukani na kwa watu wa Mombasa wanaovuka Horohoro kuja kuchukua kwa gunia. Tukamfungulia tovuti, watu wa Dar wakaanza kuagiza, alafu wakaja ndugu zetu walioko Muscat, wale mmoja akipata pilipili manga nzuri anaagizia na majirani. Malipo yanapitia kampuni moja ya kukusanya malipo, inapokea mitandao ya simu na kadi. Mteja akilipa wao wanatuma notifikesheni kwenye seva yetu, na kila wiki unashusha faili la CSV lenye miamala yote.

Skripti ya kwanza niliandika mimi. Notifikesheni ikiingia inatafuta oda, inabadilisha hali kuwa IMELIPWA, inamtumia kijana wa stoo meseji apakie mzigo, basi. CSV tukawa tunazifungua kwenye Excel, tunabandika chini ya za wiki iliyopita, shangazi anaangalia jumla mwisho wa mwezi.

Ikaja wiki ya mwisho ya Ramadhani. Oda zikawa nyingi, seva ikawa nzito, notifikesheni inaingia lakini sisi tunachelewa kujibu, na hizi kampuni nyingi ndivyo zinavyofanya, usipojibu kwa wakati wanahesabu hujapata wanatuma tena. Ya kwanza tulishaipokea na kuifanyia kazi, ya pili ikaingia nayo ikafanyiwa kazi. Kijana wa stoo akapata meseji mbili za oda moja, akapakia katoni mbili za iliki, zikapanda basi la Dar. Anayejua bei ya iliki anajua nasema nini. Mteja mmoja alikuwa muungwana akapiga simu mwenyewe. Wawili hawakupiga, tukajua baada ya wiki tatu tulipohesabu stoo.

Ila kilichoniuma zaidi siyo iliki. Shangazi aliniita akaniuliza, "Mwanangu, hebu niambie, mwezi huu imeingia shilingi ngapi?" Sikuwa na jibu. Excel ina jumla yake, tovuti ina jumla yake, benki ina yake, na hakuna mbili zinazofanana. Mtu amekuamini na riziki yake alafu huwezi kumjibu swali kama hilo.

Nikaanza upya. Nimetumia databesi ya PostgreSQL, ila mwenye ya MySQL anaweza kufuata. Nimegawa tebo tatu za msingi.

Ya kwanza nimeiita notisi. Kila notifikesheni inayoingia inakaa humu kama ilivyokuja, herufi kwa herufi, pamoja na muda iliyofika. Haibadilishwi wala haifutwi hata kama imejirudia mara kumi. Ya pili ni malipo, mstari mmoja kwa muamala mmoja uliofanikiwa. Ya tatu ni oda. Malipo siyo oda wakuu, hapa ndo nilipokosea mwanzoni. Oda moja inaweza kulipwa mara mbili, mteja kabonyeza tena, au ikalipwa nusu leo nusu kesho, au isilipwe kabisa. Ukiweka kolamu ya "imelipwa" ndani ya oda na ukaishia hapo, hayo yote hayana pa kukaa.

Tebo ya malipo iko hivi kwa kifupi:

```
CREATE TABLE malipo (
  id              BIGSERIAL PRIMARY KEY,
  kampuni         TEXT NOT NULL,
  namba_muamala   TEXT NOT NULL,
  oda_id          BIGINT NOT NULL REFERENCES oda(id),
  kiasi           BIGINT NOT NULL CHECK (kiasi > 0),
  sarafu          CHAR(3) NOT NULL REFERENCES sarafu(kodi),
  muda_wa_kulipa  TIMESTAMPTZ NOT NULL,
  UNIQUE (kampuni, namba_muamala)
);
```

Huo mstari wa mwisho, UNIQUE, ndo uliotuokoa. Mwanzoni nilijaribu kuzuia kwa PHP, ile lugha niliyoandikia skripti, skripti inauliza kwanza "huu muamala upo?" kama haupo inaingiza. Haikusaidia. Notifikesheni mbili zikiingia sekunde moja, zote mbili zinauliza, zote zinajibiwa haupo, zote zinaingia. Lakini ukiiachia databesi ikatae yenyewe, hata ziingie mia kwa pamoja itapita moja tu. Saivi naandika `INSERT ... ON CONFLICT DO NOTHING RETURNING id`, ikinirudishia id najua hili ni lipo jipya, isiponirudishia kitu najua lilishaingia. Meseji ya stoo inatoka kwa lile lililorudisha id tu, na inatoka baada ya COMMIT, yaani databesi ikishahifadhi moja kwa moja.

Sasa kuhamisha za nyuma. Nilikusanya CSV zote za nyuma, jumla mistari 4,318. Nikazimwaga kwanza kwenye tebo ya muda ambayo kolamu zake zote ni TEXT, bila kuhukumu kitu, alafu nikaanza kusafisha kwa SQL. Zilizojirudia zilikuwa 28, maana faili la wiki moja liliishia Jumapili na la wiki inayofuata lilianzia Jumapili hiyo hiyo, na Excel yetu ilikuwa inazijumlisha zote. Zikabaki 4,290. Katika hizo, 11 zilikataliwa kwa sababu ya ile REFERENCES oda, databesi inasema oda hii haipo.

Nikazipitia moja moja. 7 yalikuwa malipo yetu wenyewe ya kujaribu mfumo. Zile 4 ni watu wa kweli. Nilikuwa na skripti inayofuta oda zisizolipwa baada ya masaa 24, na hawa wanne walilipa baadae, wamechelewa kufika kwa wakala au nini. Pesa ikaingia, oda ikawa haipo tena, skripti ya zamani haikuona wa kumbadilishia hali ikanyamaza. Wanne wamelipa na hawajapata mzigo na sisi hatukujua mpaka databesi ilipokataa kuwapokea.

Watatu tumeshawapata, shangazi kawapigia mwenyewe. Wa nne hatumpati, namba yake ya simu kwenye faili letu imeharibika. Nitaeleza nikipata nguvu, na kama kuna mwenye ushauri nitashukuru.

---

BintiChumbageni

Asante kaka kwa uzi. Mimi ndo naanza anza, kwanini usiweke kila kitu kwenye tebo moja kubwa, jina la mteja, simu, bidhaa, kiasi, hali? Naona kama rahisi zaidi kusoma.

---

MwanaNgamiani

Dada swali zuri. Rahisi kusoma ni kweli, shida inakuja siku ya kubadilisha. Tuchukue mteja wa Muscat kaagiza mara tisa, jina lake na simu viko kwenye mistari tisa. Akibadilisha simu utarekebisha tisa, ukisahau miwili una mtu mmoja mwenye simu mbili na hujui ipi ya kweli. Ukimweka kwenye tebo ya wateja mara moja, oda zote tisa zinamwelekea kwa id yake, unarekebisha sehemu moja imeisha.

Na kusoma hukosi, unatengeneza VIEW inayounganisha tebo zote, shangazi anaona kila kitu mstari mmoja mmoja kama alivyozoea.

---

fundi_muheza

Hongera mkuu, umeeleza vizuri. Naongezea la kurudisha pesa maana hujaligusa.

Mimi nilihamisha data za PayPal za jamaa mmoja mwenye nyumba za wageni. Zile notifikesheni zao za IPN kila muamala una `txn_id`. Mteja akirudishiwa pesa haibadiliki ile rekodi ya kwanza, inakuja notifikesheni mpya yenye txn_id mpya, na ndani yake kuna `parent_txn_id` ambayo ndo namba ya lile lipo la mwanzo, na kiasi kinakuja na alama ya kutoa. Sasa wewe kwenye tebo yako umeweka CHECK kiasi > 0, siku ya kurudisha pesa itagoma. Mimi nilitengeneza tebo ya marejesho peke yake, kila rejesho linaelekea lipo lake. Usiende kufuta lipo. Pesa iliingia kweli, ikatoka kweli, ni matukio mawili na yote yana tarehe zake.

Jingine, hali ya muamala. Hizo notifikesheni hazina ahadi ya kufika kwa mpangilio. Niliwahi kupata "Completed" imefika, dakika mbili baadae ikafika "Pending" ya muamala ule ule iliyokuwa imekwama njiani, skripti ikaiandika juu, lipo lililokamilika likarudi kuwa linasubiri. Tangu hapo hali hairuhusiwi kurudi nyuma.

Na la tatu, uhakiki. Anwani ya kupokea notifikesheni iko wazi kwenye intaneti, mtu yeyote akiijua anaweza kukutumia yake ya uongo kwamba kalipa. Kwa IPN unairudisha PayPal ile ile yote ukiongeza `cmd=_notify-validate` wao wanakujibu VERIFIED au INVALID. Kampuni nyingine zinatumia sahihi ya siri (signature). Na hata ikiwa ya kweli linganisha kiasi na sarafu na oda yako, mtu anaweza kulipa kweli shilingi 1,000 kwa oda ya 100,000.

---

MwanaNgamiani

Mkuu asante sana. CHECK nitaiacha hivyo hivyo, natengeneza tebo ya marejesho leo leo kama ulivyosema. Sahihi tulikuwa tunaikagua, ila kulinganisha kiasi hatukuwa nayo. Nimeiongeza sasa hivi kabla ya kukujibu.

---

Kapteni wa Deep Sea

Mi naona mnajitesa. Duka la viungo moja linahitaji Excel tu na mtu makini. Databesi ni za benki. Umakini ndo ulikosekana hapo.

---

MwanaNgamiani

Kaka nakuheshimu ila hapa sikubaliani kabisa, na nakuambia kwanini huyu mteja wa nne hatumpati.

Namba za simu kwenye CSV zinakuja kwa mtindo wa 255, yaani tarakimu 12. Excel ikifungua CSV inaona hiyo ni namba ya hesabu, na namba ikifika tarakimu 12 inaionyesha kwa kifupi, unaona 2.55754E+11. Ukiifungua tu na kufunga hakuna tatizo. Lakini sisi tulikuwa tunafungua, tunapanga kolamu, tunabonyeza kuhifadhi, na Excel ikihifadhi CSV inaandika kile kinachoonekana kwenye skrini. Kwahiyo ndani ya faili sasa hivi limeandikwa 2.55754E+11 neno kwa neno. Tarakimu sita za mwisho za mteja wetu hazipo tena popote kwenye kompyuta yetu. Zile zinazoanza na sifuri, 07 au 06, sifuri inaondoka. Na namba za miamala ndefu zaidi ya tarakimu 15 inageuza zilizobaki kuwa sifuri, miamala miwili tofauti inakuwa na namba moja.

Shangazi ni mtu makini kuliko mimi na wewe, anahesabu punje. Umakini wake haukuweza kuzuia hilo. Kolamu ikiwa TEXT kwenye databesi inakaa kama ilivyo. Namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi kwahiyo haina sababu ya kuwa namba.

---

Kapteni wa Deep Sea

Hilo la kuhifadhi CSV sikulijua. Nina faili za mishahara ya vijana wa boti, zina namba za simu za kuwatumia pesa. Naenda kuziangalia.

---

mhasibu_pangani

Salaam. Mimi ni mhasibu, programu sijui sana, ila naona kitu kimoja kinakosekana kwenye mpangilio wa MwanaNgamiani na ndicho kitakachomjibu shangazi yake.

Umesema benki ina jumla tofauti. Itakuwa tofauti daima, na inatakiwa iwe tofauti. Kampuni ya malipo haikuletei kila lipo benki moja moja, inakusanya ya siku au ya wiki, inakata makato yake, inaleta kwa mkupuo mmoja. Kwahiyo kwenye taarifa ya benki unaona mstari mmoja ambao ndani yake kuna malipo labda sitini. Usipokuwa na mahali pa kuandika huo mkupuo, utalinganisha vitu viwili visivyolingana mpaka uchoke.

Ongeza tebo ya mikupuo, tarehe iliyoingia benki na kiasi kilichoingia. Kwenye malipo ongeza makato ya kila muamala na namba ya mkupuo wake. Halafu kwa kila mkupuo, jumla ya malipo toa jumla ya makato toa marejesho lazima iwe sawa na kilichoingia benki, mpaka senti. Isipokuwa sawa una jambo la kuuliza na unajua uulize mkupuo upi. Malipo ambayo hayana mkupuo ni pesa yako ambayo bado iko mikononi mwa kampuni, hiyo nayo shangazi anatakiwa kuijua, ni mali yake.

Na makato usiyatoe kwenye kiasi ukahifadhi kilichobaki peke yake. Mauzo ni kile alicholipa mteja. Makato ni gharama. TRA wataangalia mauzo.

---

MwanaNgamiani

Mhasibu Mungu akubariki. Nimesoma mara tatu. Kumbe CSV yao ina kolamu ya mkupuo toka siku ya kwanza, mimi niliiona nikadhani ni namba yao ya ndani nikaiacha. Naanza nayo kesho asubuhi.

---

BintiChumbageni

Samahani nirudi nyuma, kaka kwenye tebo yako kiasi umeweka BIGINT, siyo namba yenye desimali. Kwanini? Mi kwenye mafunzo tuliweka FLOAT.

---

MwanaNgamiani

FLOAT usiweke pesa kamwe dada. FLOAT ya biti 32 inashika namba nzima bila kukosea mpaka 16,777,216, hiyo ni shilingi milioni kumi na sita tu. 16,777,217 haina pa kukaa, inarudi kuwa ile iliyotangulia. Kwa shilingi yetu milioni kumi na sita ni mzigo wa gari moja. Ukiongeza biti zinakuwa 64 unapata nafasi kubwa ila desimali bado zina shida, 0.1 ukijumlisha na 0.2 haitoki 0.3 kamili, na ukijumlisha miamala elfu nne hivi vidogo vinalundikana.

Kampuni nyingi zinatuma kiasi kwa kipande kidogo kabisa cha sarafu. Shilingi 85,000 inakuja 8500000 maana kwa viwango vya kimataifa vya sarafu, ISO 4217, shilingi ya Tanzania ina desimali 2, hata kama senti hatuzioni dukani. Mimi naihifadhi hivyo hivyo kama namba nzima.

Ila angalieni hapa, na hili lilinikuta. Nilikuwa nagawanya kwa 100 kila kitu wakati wa kuonyesha. Rial ya Omani ina baisa 1,000, desimali zake ni 3 siyo 2. Mteja wa Muscat kalipa rial 12 na nusu, imekuja 12500, mimi nagawa kwa 100 nasoma rial 125. Mara kumi! Na shilingi ya Uganda haina desimali kabisa, ukigawa kwa 100 unampunja mtu. Ndo maana kuna tebo ya sarafu ina kolamu ya desimali, TZS 2, KES 2, USD 2, OMR 3, UGX 0, na hesabu ya kuonyesha inasoma humo. Usiandike 100 kwenye skripti. Anayependa NUMERIC, ile aina ya namba inayoshika desimali kamili, na atumie, iko sahihi nayo, muhimu isiwe FLOAT.

---

fundi_muheza

Na wenye MySQL niwakumbushe mambo mawili. Hakikisha tebo zinatumia InnoDB, ndo injini ya MySQL ya kuhifadhi tebo. Kama databesi yenu ni ya zamani yenye injini ya MyISAM, ukiandika FOREIGN KEY (ile kazi ya REFERENCES) inakubali bila kelele alafu haifanyi kitu, unadhani umelindwa kumbe hapana. CHECK nayo kabla ya toleo 8.0.16 ilikuwa inasomwa na kuachwa. Na kuzuia kujirudia msitumie INSERT IGNORE kwenye pesa, ile inameza na makosa mengine, wale wateja wanne wa MwanaNgamiani wangemezwa humo humo kimya. Tumieni ON DUPLICATE KEY UPDATE.

---

nahodha_wa_kodi

Mimi nina tatizo la tarehe, mauzo ya mwisho wa mwezi kwangu hayalingani kamwe na ya kampuni, tofauti ndogo ndogo. Linahusiana?

---

MwanaNgamiani

Linahusiana sana. Kampuni nyingi zinaandika muda kwa UTC, ile saa ya kimataifa, sisi tuko masaa matatu mbele. Mteja akilipa tarehe 1 saa nane usiku, kwao bado ni tarehe 31 saa tano usiku. Mwezi wa Ramadhani watu wanaagiza usiku wa manane kabla ya daku, kwahiyo kwetu yalikuwa mengi. Hifadhi kwa TIMESTAMPTZ, aina ya muda inayozingatia majira ya eneo, na ukijumlisha kwa siku au mwezi geuza kwanza `AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam'`. Angalia na tarehe zilizoandikwa 03/04, uliza kampuni kama ni tarehe tatu mwezi wa nne au kinyume. Usikisie. Tafuta mstari wenye namba inayozidi 12 utajua ipi ni siku.

---

mama_wa_raskazone

Kuna jambo la kadi naomba nisemee. Nimewahi kuona kijana anahifadhi notifikesheni nzima nzima, ndani kuna namba za kadi za watu. Hiyo tebo ya notisi isije ikawa ghala la siri za wateja.

---

MwanaNgamiani

Mama shikamoo, na uko sahihi. Kampuni yetu inatuma tarakimu nne za mwisho tu za kadi, namba nzima haifiki kwetu na hatuitaki. Zile namba tatu za nyuma ya kadi, viwango vya usalama wa kadi, PCI DSS, vinakataza kuhifadhi baada ya malipo kuidhinishwa, hata kwa kuficha. Na majina na simu nazo ni taarifa binafsi, tuna sheria ya mwaka 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi. Tebo ya notisi tunaifungua watu wawili, mimi na shangazi, kijana wa stoo anaona VIEW yenye oda na anwani tu.

---

mhasibu_pangani

Kuhusu mteja wa nne. Usihangaike na faili lako, limeshaharibika. Muamala una namba, hakikisha tu Excel haikuiharibu nayo. Iandikie kampuni ya malipo barua pepe, taja namba ya muamala, tarehe na kiasi, eleza kwamba mteja alilipa hakupata huduma unataka kumrudishia. Wao rekodi wanayo.

---

MwanaNgamiani

Wakuu nimerudi baada ya siku sita.

Kwanza mikupuo. Nimeingiza yote, nikaendesha ile hesabu ya mhasibu. Mikupuo yote imelingana na benki kasoro miwili. Mmoja ulikuwa na rejesho ambalo sikuwa nimelirekodi, ni yule mteja muungwana wa iliki, alilipia oda nyingine tukamrudishia. Nimeliingiza kwenye tebo ya marejesho, ukalingana. Wa pili kampuni yenyewe ilikuwa imetukata makato mara mbili kwenye muamala mmoja, nimewaandikia nikiambatanisha mistari husika, wamekubali na watarudisha kwenye mkupuo ujao.

Nilimwita shangazi akakaa pembeni yangu, nikamwonyesha. Mwezi ule wa Ramadhani wateja walilipa kiasi hiki, kampuni ikakata hiki, benki ikaingia hiki, na hiki kiliingia wiki ya kwanza ya mwezi uliofuata. Akatoa daftari lake la kuandika kwa mkono, akalinganisha mistari ya juu juu, akaniambia niongeze na gharama ya basi.

Pili, mteja wa nne. Kampuni imejibu jana, ikatupa namba kamili. Ni mzee mmoja wa Pangani, aliagiza mdalasini na iliki kwa ajili ya harusi ya binti yake, harusi imeshapita. Shangazi alimwomba radhi kwa muda mrefu sana kwenye simu. Akampa chaguo la pesa au mzigo, mzee kachagua mzigo, shangazi kaongeza karafuu nusu kilo. Umeondoka leo na basi la asubuhi.

Oda yake nimeirudisha kwa namba ile ile ya zamani, na za wale watatu pia, zile 7 za majaribio nimezifungulia oda yenye alama ya majaribio zisihesabike kwenye mauzo. Ile skripti ya kufuta oda baada ya masaa 24 haifuti tena, inaandika tu kwamba muda umepita. Nikaendesha uhamisho mara ya mwisho, mistari 4,290 imeingia, iliyokataliwa hakuna.